Kuficha Mvi

Watu wote huomba maisha marefu, lakini ni wachache waombao uzee. Hili ni jambo la kushangaza, kwa kuwa maisha marefu na uzee ni kitu kimoja chenye majina mawili. Atakaye miaka mingi hana budi kupokea na mizigo inayofuatana nayo: macho hupungua nuru, magoti huchoka kwa mwendo mfupi, na nywele hubadili rangi. Katika mizigo hiyo yote, mvi ndizo nyepesi kuliko zote. Haziumizi, hazileti homa, wala hazimzuii mtu kula au kulala. Hata hivyo hakuna dalili ya uzee inayofukuzwa kwa gharama na kwa wasiwasi kama hizo mvi. Sababu yake ni nini? Na je, mtu anayezificha hutenda kosa? Haya ndiyo maswali ambayo nataka tuyapime pamoja, msomaji wangu.

Naandika maneno haya Embu, katika miteremko ya Mlima Kenya. Asubuhi isiyokuwa na mawingu, mtu akisimama mlangoni pake huuona mlima umeinua kichwa chake cheupe juu ya mashamba ya chai na kahawa. Watu wa Embu na watu wa Meru wamekaa chini ya kichwa hicho kwa vizazi vingi, na weupe wake ulikuwa sehemu ya utukufu wake. Sasa weupe huo unapungua. Tangu Halford Mackinder alipofika kileleni mwaka 1899, sehemu kubwa ya barafu ya mlima ule imeyeyuka, na mwamba mweusi umejitokeza mahali ilipokuwa imelala. Sijapata kumsikia mkulima hata mmoja akisema kwa furaha kwamba mlima unarudia ujana. Wote husikitika. Basi weupe tunaousikitikia mlimani ndio tunaoukimbia vichwani mwetu.

Kwanza na tujue mvi ni nini, maana si haki kukihukumu kitu kisichojulikana. Katika shina la kila unywele mna chembe hai ndogo sana ambazo kazi yake ni kutengeneza rangi iitwayo melanini. Rangi hiyo huingia katika unywele unapokua. Miaka ikipita, chembe hizo hupungua na kuchoka, na unywele hutoka bila ya rangi. Kwa hiyo mvi si nywele zilizopakwa weupe, bali ni nywele zilizokosa weusi. Wakati wa kuanza kwake hutegemea sana urithi wa mtu. Mmoja huota mvi akiwa na miaka 25, na mwingine hufika miaka 60 kichwa chake kikiwa cheusi kama mkaa. Katika jambo hili hapana sifa kwa mmoja wala lawama kwa mwingine.

Mimi nilianza kuziona zangu nilipokuwa na miaka 40, nazo hazikunishughulisha. Zilinishughulisha nilipofika miaka 48. Wakati huo nilikuwa nimefundisha kwa miaka 24, na nilisikia kwamba chuo kimoja cha watu binafsi huko Meru kilitaka mwalimu wa somo langu. Mshahara ulikuwa mzuri kuliko wangu, na nilikuwa na watoto wawili waliokuwa wakidaiwa karo. Nikaandika barua, nikaitwa kwa mahojiano baada ya wiki tano. Rafiki yangu mmoja alipopata habari alinitazama kichwani, akasema, "Ndugu yangu, elimu unayo, lakini kichwa hiki kitakutangulia mlangoni. Wale wanataka vijana."

Neno lile liliniingia. Siku ya pili nilikwenda dukani nikanunua shampuu ya kurudisha rangi na dawa ya kulainisha nywele iliyofuatana nayo. Chupa hizo mbili zilinigharimu shilingi 4,600. Niliificha risiti ndani ya kitabu ili mke wangu asiione. Na hapo, msomaji, ndipo nilipopaswa kusimama na kujiuliza, maana mtu akianza kuificha risiti, tayari amekwisha kujihukumu.

Shampuu ile ilifanya kazi yake kwa kadiri ilivyoweza. Kila nilipoosha nywele, iliacha rangi kidogo juu ya unywele, na kila nilipoosha tena kwa sabuni ya kawaida, sehemu ya rangi hiyo iliondoka. Ilikuwa kama kutia maji katika pakacha. Foronya ya mto ilipata madoa ya kahawia, na taulo likafuata. Baada ya wiki tatu, hata hivyo, kichwa changu kilikuwa cheusi cha kutosha kumdanganya mtu aliye mbali. Shina la kila unywele lilikuwa likisema kweli, lakini lilisema kwa sauti ndogo.

Jumapili moja kabla ya safari ya Meru nilikwenda kumsalimu mama yangu mzazi katika vilima vya Runyenjes. Mama alikuwa na miaka 81, na kichwa chake chote kilikuwa cheupe. Nilipomwamkia hakunijibu upesi. Alinitazama muda mrefu, kisha akauliza, "Mwanangu, umefanya nini kichwa chako?" Nikamweleza habari za kazi, na habari za rafiki yangu, na habari za shampuu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alisema, "Mvi zangu nilizipata katika kukulea wewe na ndugu zako. Sikujua kama ni kitu cha kuonewa haya."

Sikuwa na la kujibu. Nilikuwa nimefikiri kwamba jambo la kichwa changu lilikuwa langu peke yangu, na kwamba lisipomdhuru mtu halina mashtaka. Sasa niliona kwamba kila nilipozisugua mvi zangu kama uchafu, nilikuwa nikisema neno juu ya kila kichwa cheupe, na kichwa cha kwanza kilikuwa cha mama yangu.

Nilikwenda Meru siku iliyowekwa, nikipitia Chuka, na kichwa changu kikiwa cheusi. Wale waliokaa mezani walinipokea kwa adabu, wakaniuliza maswali ya kazi, nikayajibu. Kisha mmoja akafungua kitambulisho changu, akasoma mwaka niliozaliwa, akamwonyesha mwenzake kwa kidole. Kitambulisho hakipakwi rangi. Waliniuliza kama ningeweza kufanya kazi chini ya mkuu aliyekuwa mdogo kwangu, nami nikajibu kweli, kwamba ningeweza. Baada ya siku kumi nilipata ujumbe kwamba nafasi amepewa mwingine, na kwamba walihitaji mtu kijana. Mwaka 2009 serikali ya Kenya iliongeza umri wa kustaafu kwa watumishi wa umma kutoka miaka 55 hadi miaka 60. Kwa kipimo hicho nilikuwa na miaka 12 ya kazi mbele yangu. Kwa kipimo cha meza ile nilikuwa nimekwisha.

Sasa na tulirudie swali letu. Je, nilipoupaka rangi ule utosi wangu nilisema uongo?

Wako watu wasemao kwamba kila kifichacho kweli ni uongo, na kwamba mwenye kupaka mvi ni sawa na mtu apigaye tupa pembe za ng'ombe mzee ili amuuze sokoni kwa bei ya mtamba. Mfano huu una nguvu, lakini haukamiliki. Muuza ng'ombe huchukua fedha ya mwenzake, na mnunuzi huenda nyumbani na hasara. Uongo, kama nionavyo mimi, ni kumwaminisha mtu jambo lisilo kweli ili upate kwake kitu ambacho asingekupa kama angalijua. Kwa kipimo hiki, mchumba anayepaka nywele na kumwambia msichana kwamba ana miaka 30 hali ana 50, amesema uongo, na rangi ni shahidi wake wa uongo. Lakini jirani yangu mmoja, mama muuza nguo katika soko la Embu, hupaka nywele zake rangi kila mwezi, na mtu akimuuliza umri wake huutaja bila kusita. Nilipomwuliza sababu alicheka, akasema, "Napenda nyeusi kama nipendavyo leso nyekundu." Mama huyu hakumdanganya mtu. Amejipamba, na pambo si kosa.

Tazama pia desturi ya pwani. Katika Lamu, Mombasa na Unguja wako wazee ambao hutia ndevu zao hina, na ndevu nyeupe zikipata hina hugeuka kuwa nyekundu. Hapana mtu aonaye ndevu nyekundu akadhani mwenyewe ni kijana. Kila mtu hujua kwamba hina imekaa juu ya mvi. Rangi ile haifichi uzee bali huutangaza, nayo huutangaza kwa furaha. Kwa hiyo si rangi yenyewe iliyo na lawama. Mkono mmoja huishika rangi kama pambo, na mwingine huishika kama pazia.

Lakini hata pazia halilaumiwi kabla ya kuuliza nini kiko nje ya dirisha. Katika kaunti ya Kilifi, kwa miaka mingi sasa, wazee wamekuwa wakiuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mvi za kichwa zimehesabiwa kuwa dalili ya uchawi huo. Mara nyingi chini ya maneno ya uchawi mna ugomvi wa ardhi: baba yu hai, shamba ni lake, na wale wanaotaka kuligawa wamechoka kungoja. Wazee walioponea chupuchupu wamepata hifadhi katika Kaya Godoma, huko Ganze, mbali na nyumba walizozijenga kwa mikono yao. Na wako wazee waliozipaka nywele zao rangi nyeusi ili wasitambulikane. Ni nani atakayesimama mbele ya mzee wa namna hiyo na kumwambia kwamba amesema uongo? Rangi yake ni ngao. Uongo uko kwa wale waliosema kwamba nywele nyeupe ni uchawi, na aibu iko juu yao.

Nilipotafakari habari za Kilifi niliyaelewa mambo yangu mwenyewe vizuri zaidi. Mimi sikutishwa kwa panga. Nilitishwa kwa kukosa kazi. Ukubwa wa tisho si mmoja, lakini sura yake inafanana: mahali fulani watu wamekubaliana kwamba mwenye mvi ni mtu wa kuondolewa, na mwenye mvi, badala ya kuwauliza kwa nini, ameingia dukani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 27, inakataza mtu kubaguliwa kwa sababu ya umri wake. Katika ibara ya 57 inataka wazee waishi kwa heshima na bila ya kuonewa. Maneno hayo ni mazuri, lakini karatasi haiketi mezani wakati wa mahojiano. Wanaoketi ni watu, na watu huja na macho waliyofundishwa nyumbani na njiani.

Hapa yafaa kusema neno juu ya biashara. Watu walijipaka hina na majani mengine tangu kale, lakini rangi ya nywele itokayo kiwandani ina historia fupi. Mwaka 1907 Mfaransa mmoja, Eugène Schueller, mtaalamu wa kemia, alitengeneza rangi ya nywele, na mwaka 1909 akaanzisha kampuni ambayo leo hujulikana duniani kwa jina la L'Oréal. Tangu hapo biashara hiyo imekua mno. Siwalaumu wafanyabiashara kwa kuuza rangi, maana rangi ni bidhaa kama nyingine. Ila katika kuuza rangi wengine huuza kwanza hofu. Picha hubandikwa ya mtu mwenye huzuni, kichwa chake kina mvi, na kando yake picha ya mtu yule yule akicheka, kichwa chake ni cheusi. Hakuna neno lililoandikwa, lakini somo limefundishwa. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Wala hatari ya mwili isisahauliwe. Rangi nyingi za kudumu zina kemikali iitwayo parafenilenidiamini, ambayo kwa watu wengine huleta malengelenge na uvimbe wa uso, na mara nyingine huhatarisha maisha. Kemikali hiyo hupatikana pia katika piko nyeusi ya mikononi. Atakaye kupaka na ajaribu kidogo juu ya ngozi, angoje siku mbili, na akiona mwasho aache.

Fikiri pia juu ya fedha. Tangu mwaka 2018 serikali ya Kenya, kwa mpango uitwao Inua Jamii, imekuwa ikiwapa wazee waliotimiza miaka 70 posho ya shilingi 2,000 kwa mwezi. Chupa zangu mbili zilizidi posho ya miezi miwili ya mzee mmoja, nazo hazikumaliza wiki sita. Nilitumia fedha nyingi kuukana uzee kuliko jamii inavyotumia kuutunza. Hesabu hii ilinitahayarisha kuliko lile jibu la chuo.

Mtu mwingine atasema kwamba kusifu mvi kupita kiasi ni kosa la upande wa pili, kana kwamba kila mwenye mvi ana busara. Asemayo ni kweli. Wako wazee wajinga, wachoyo na wadhalimu, na mvi hazikuwaponya. Wahenga wa Meru walilijua jambo hili. Baraza lao kuu la wazee, Njuri Ncheke, lenye makao yake Nchiru, halikumpokea kila mtu aliyeota mvi. Walioingia walichaguliwa kwa mwenendo wao, na wengi walizeeka nje ya baraza. Basi mvi si shahada ya hekima. Lakini kama si shahada ya hekima, si shahada ya upumbavu pia, wala si cheti cha kufukuzwa kazi. Haki ya mvi ni ndogo na nyepesi: kwamba mwenye nazo apimwe kwa kazi yake na tabia yake, kama wanavyopimwa wenye nywele nyeusi.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Kuficha mvi si kosa kwa nafsi yake. Huwa kosa mtu anapoitumia rangi kumnyang'anya mwenzake haki. Huwa pambo mtu anapoipenda bila ya kumwogopa mtu. Huwa ngao mtu anapotishwa. Lakini ikiwa mji mzima unazificha mvi zake kwa hofu, kosa halitafutwi katika vichwa vya wazee. Litafutwe katika macho ya wale wanaowatazama.

Ninyi mnaosoma kitabu hiki darasani, vichwa vyenu leo ni vyeusi bila ya gharama yoyote. Lakini haitapita miaka mingi nanyi mtaketi katika meza za mahojiano, na mbele yenu atasimama mtu mwenye mvi akiomba kazi. Mtakuwa na baba mwenye shamba, na ndugu wenye haraka. Mtakuwa na mama atakayesahau jina la mjukuu wake na kuliuliza mara ya tatu. Siku hizo ndizo zitakazoamua kama mvi ni heshima au hatari, na uamuzi utakuwa wenu. Hapana shampuu itakayouosha uamuzi huo ukiisha kutolewa.

Chupa zangu zilikwisha, nami sikununua nyingine. Weupe ulirudi taratibu, kutoka shinani kwenda nchani. Nilipomzuru mama tena, alikuwa ameketi uani akichambua maharagwe, kitambaa kimemteleza kichwani. Alinitazama utosi, akacheka, akanisogezea kigoda. Tulikaa pale, vichwa viwili vyeupe, tukachambua maharagwe mpaka jua likashuka.